Gari jeusi baada ya polishi ya hatua moja: ukiona hivi, kosa liko hapa

Gari jeusi likitoka kwenye polishi usilihukumu likiwa kivulini. Kivulini kila gari jeusi linapendeza. Litoe nje jua likiwa limeinama, au zima taa zote za ndani halafu ulimulike kwa tochi moja yenye mwanga mkali, ukiisogeza polepole juu ya boneti kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Utakachokiona hapo ndicho mwenye gari atakachokiona kesho asubuhi, na ndicho tunachokifanyia kazi hapa.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: polishi ipi ya hatua moja, yaani inayokata na kumaliza kwa mkupuo mmoja, inafaa kwa gari jeusi la kutunza tu, lisilo na makubwa? Nami hujibu kwa kuuliza: umeona nini kwenye rangi? Aliyebaki na ukungu na yule ambaye mikwaruzo yake hurudi baada ya kuosha hawaumwi ugonjwa mmoja, na chupa itakayomponya huyu inaweza kumzidishia yule. Ndiyo maana nimepanga mambo kwa dalili. Ila msimamo wangu niuseme mapema ili ujue ninakoelekea: kwa gari jeusi, angalia kwanza polishi inamaliza vipi, yaani inaacha uso safi kiasi gani, ndipo uulize inakata kiasi gani, yaani inaondoa mikwaruzo kwa nguvu gani. Mkwaruzo mmoja uliobaki mlangoni watu hawauoni mpaka waoneshwe. Ukungu ulioenea mlango mzima unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

## Kwa nini jeusi linaumbua

Weusi wa gari haupo juu kabisa. Tangu miaka ya 1980 magari mengi hupakwa rangi kwanza, kisha juu yake hupigwa klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi yoyote. Hiyo klia ndiyo unayoisugua. Kwa gari lililotoka kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na ukijumlisha vyote vilivyo juu ya bati, yaani praima, rangi na klia, mara nyingi unapata mikroni 100 hadi 150. Unywele mmoja wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko klia yote. Likumbuke hilo kila unapoinua mashine.

Mkwaruzo kwenye klia hutawanya mwanga. Kwenye gari jeupe, mwanga huo uliotawanyika hupotelea ndani ya mwanga mwingi unaorudishwa na rangi yenyewe. Kwenye jeusi, rangi imeshameza karibu mwanga wote, kwa hiyo kinachobaki kung'aa machoni pako ni kingo za mikwaruzo. Gari jeupe lililoegeshwa pembeni yake linaweza kuwa na mikwaruzo mingi vilevile, ila rangi yake inaisitiri.

Kwa hiyo weusi haufanyi klia iwe laini. Ulaini na ugumu hutegemea aliyeitengeneza. Mwaka 2003 Mercedes-Benz walianza kutumia klia yenye chembechembe ndogo mno za kauri ili isikwaruzike upesi. Mwaka 2005 Nissan wakatangaza klia ya namna nyingine kabisa, yenye mnyumbuko, ambayo mikwaruzo midogo hujifunga yenyewe kadiri muda unavyopita. Weka magari mawili meusi ya aina tofauti namna hiyo kwenye jua moja, yote yana mikwaruzo kama utando wa buibui, na polishi iliyoling'arisha la kwanza inaweza kuliachia la pili ukungu. Chupa iliyoandikwa "kwa magari meusi" haijui lako ni lipi. Baadhi ya chupa hizo zimetiwa rangi nyeusi inayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha kwa muda. Si vibaya, lakini ukinunua jua unachonunua.

Jina "hatua moja" nalo limebeba vitu viwili. Kuna polishi inayokata kidogo, ikamaliza, kisha ikaacha nta au kinga nyingine juu ya klia. Hiyo ndiyo wengi wanayoitaka kwa matunzo. Na kuna inayokata na kumaliza kwa mkupuo mmoja lakini ikaiacha klia uchi ili upake kinga yako mwenyewe. Soma nyuma ya chupa. Ukinuia kupaka koti la kauri, lile tabaka gumu la kinga, baadaye, chukua hiyo ya pili, maana mafuta na nta za ile ya kwanza zitaizuia kauri isishike. Na kama gari tayari lina koti la kauri, usiguse yoyote kati ya hizo mpaka uwe umeamua kuliondoa koti hilo, kwa sababu polishi italikata.

## Dalili: weusi umekuwa kijivu, kuna ukungu

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na ndiyo inayofanya watu wanunue chupa ya tatu na ya nne bila sababu.

Niliwahi kufanyia kazi mlango wa nyuma wa gari jeusi. Ulikuwa na mikwaruzo ya kuoshea tu. Mashine yangu ilikuwa bado na diski ya mikrofaiba, kwa sababu gari lililotangulia lilikuwa na klia ngumu kama kigae na diski hiyo ndiyo iliyolimudu. Nikapitisha mara nne, nikafuta. Mikwaruzo yote ilikuwa imekwisha. Mahali pake palikuwa kama kioo kilichopumuliwa na mtu: weusi umefifia, na nilipoinamisha tochi nikaona vijistari visivyohesabika, vifupi kama nyusi za mtoto mchanga, vimelala kila upande. Nikabadili polishi. Ukungu ukabaki. Nikabadili tena. Ukabaki. Saa nzima ikapita kabla sijabadili kile nilichopaswa kukibadili kwanza, ile diski. Nikaweka sponji laini, polishi ileile ya mwanzo, nikapitisha mara nne, na mlango ukawa mweusi tii.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja na sivuki ngazi. Kwanza najua ukungu wenyewe ni wa nini. Changanya spiriti ya aisopropili na maji, spiriti kipimo kimoja kwa maji vipimo vitano au sita, nyunyiza sehemu hiyo mpaka ilowe, futa kwa kitambaa safi cha mikrofaiba bila kukandamiza, kisha malizia kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukiondoka, yalikuwa mafuta ya polishi yaliyobaki, na shida yako ni ufutaji. Ukibaki, upo ndani ya klia yenyewe.

Kama upo ndani ya klia, safisha sponji au weka nyingine safi, rudia kwa polishi ileile. Mara nyingi sana kosa huwa hapo: sponji imejaa polishi iliyokauka na unga wa klia iliyokatwa, na unga huo ndio unaokwaruza. Baada ya kila kipande ninachomaliza napiga brashi sponji, au naipuliza kwa upepo wa kompresa, na gari zima natumia sponji nne au tano. Mwenye sponji moja kwa gari zima, ajue nusu ya pili ya gari itakuwa mbaya kuliko nusu ya kwanza.

Bado kuna ukungu? Shuka kwenye sponji laini zaidi, polishi usiiguse. Bado? Punguza nguvu ya mkono: mipito miwili ya mwisho acha uzito wa mashine ufanye kazi peke yake, punguza kasi ya mashine, na usogeze taratibu. Kuna polishi ambazo chembe zake za kukatia huvunjika na kuwa laini kadiri unavyozisugua. Ukiziacha mapema zinakuwa bado kali, na ukungu ndio alama zao. Nyingine chembe zake ni ndogo tangu mwanzo na hazibadiliki, kwa hizo kuongeza mipito hakusaidii kitu. Ukishapita ngazi zote hizi na ukungu bado upo, hapo ndipo uilaumu polishi, ukatafute yenye ukali mdogo kuliko hiyo.

Usibadili vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadili sponji na polishi pamoja na mambo yakawa mazuri, hutajua kilichokuponya, na gari jeusi lijalo litakurudisha palepale.

## Dalili: mikwaruzo imerudi baada ya kuosha mara tatu

Mama mmoja aliniletea gari lililopigwa polishi mwezi uliopita kwingine. Akanionesha kidole juu ya fenda.

"Fundi, ilikuwa imekwisha kabisa. Sasa tazama, imerudi yote."

"Imerudi mahali palepale, mama, au pengine?"

Akainama, akaangalia vizuri. "Palepale. Huu mrefu nilikuwa naujua."

Jibu lake lilitosha. Mkwaruzo aliokuwa akiujua haukuwa umeondoka, ulikuwa umejazwa. Polishi nyingi za hatua moja zinazoacha kinga zina mafuta na vijazio vinavyotuama ndani ya mkwaruzo na kuuziba machoni. Sabuni, maji na jua huvitoa kidogokidogo, na mkwaruzo hutokeza kama ulivyokuwa.

Ingekuwa mikwaruzo ni mipya, ingekaa kwa namna nyingine. Mikwaruzo ya kuoshea hufuata mkono wa mwoshaji: mizunguko kwenye boneti, mistari mirefu milangoni, na huwa mingi sehemu za chini ambako mchanga na tope hukaa. Ukiona hivyo, usinunue polishi. Nunua ndoo ya pili. Moja iwe ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea kabla hujairudisha kwenye sabuni. Anza kwa kumwagia gari maji mengi ili mchanga uondoke kabla hujaligusa. Osha juu kwenda chini. Na kaushia kwa kulaza taulo la mikrofaiba juu ya maji badala ya kusugua. Brashi za mashine za kuoshea magari ziepuke kabisa. Polishi bora kuliko zote haiwezi kushindana na tambara lenye mchanga linalopita kila wiki.

Sitaki uelewe kwamba vijazio ni udanganyifu. Gari la miaka mingi, lililokwisha kupigwa polishi mara kadhaa, klia yake imebaki nyembamba. Hapo polishi inayojaza zaidi ya kukata ni uamuzi wa busara, na mimi mwenyewe ndiyo ninayoitumia. Udanganyifu ni kumwambia mwenye gari kwamba mikwaruzo imeondolewa wakati umeifunika. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu gari, chagua kipande cha upana wa sentimita 30, kifute kwa ile spiriti, mmulikie, aone kilichobaki chini. Kisha rudishia kinga hapo ulipofuta, mwambie itadumu wiki au miezi michache kutegemea anavyoliosha.

## Dalili: mikwaruzo haitoki kabisa

Pitisha ukucha taratibu kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukikwama, huo ni wa kina na polishi ya hatua moja haiuwezi. Uache. Kuufukuza mpaka utoke kunamaanisha kushusha klia yote ya pembeni mpaka ifike chini ya mkwaruzo, na klia yenyewe unaijua unene wake. Polishi nyepesi kwa kawaida huondoa mikroni moja au mbili hivi, na akiba hiyo hairudi. Zungushia mkwaruzo huo polishi, kingo zake zilainike, utaonekana nusu ya ulivyokuwa.

Ukucha usipokwama na bado mikwaruzo haitoki, angalia mashine kabla ya chupa. Mashine ya mzunguko mara mbili, ile ambayo diski huzunguka huku ikiyumba, hukata pale tu sponji inapozunguka kweli. Ukikandamiza mno, au ukiwa juu ya kona ya mlango, huacha kuzunguka na kubaki inatetemeka mahali pamoja. Sauti inaendelea ileile, kwa hiyo sikio halitakwambia. Piga mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa bamba linaloshika sponji. Mstari ukionekana unazunguka, kazi inafanyika. Ukisimama, punguza mkono.

Angalia na ukubwa wa eneo. Mtu akijaribu kupiga boneti nusu kwa mkupuo mmoja, polishi hukauka kabla haijakata. Sentimita 50 kwa 50 zinatosha, mipito minne hadi sita, ya kwenda na kurudi kisha ya kukatisha.

Na kama unatumia mkono bila mashine, tarajia kung'aa tu. Mkono hauna mwendo wa kutosha kuzifanya chembe zikate sawasawa. Tena kwenye klia laini nyeusi mkono unaokandamiza kwa vidole huacha mistari minne, nimeiona.

## Dalili: polishi haifutiki, inapaka mafuta au kutoa vumbi jingi

Weka mgongo wa kiganja juu ya bati. Ukishindwa kuuacha hapo kwa raha, bati ni la moto na kila kitu kitaharibika. Jeusi hunywa joto la jua kuliko rangi nyingine zote, na gari lililotoka juani huchukua muda kupoa hata likishaingizwa kivulini. Mafuta ya polishi hukauka upesi, chembe zinabaki zinasuguana bila kilainishi, unapata vumbi, utelezi usio sawa na ukungu kwa pamoja.

Kama bati limepoa na bado haifutiki, umeweka nyingi. Sponji mpya inahitaji kulainishwa kwanza kwa polishi kidogo, baada ya hapo matone matatu au manne ya ukubwa wa kifungo cha shati kwa kila kipande. Nyingi haikati zaidi, inateleza juu. Ikibaki kama grisi inayohamahama kila unapofuta, iache dakika kadhaa, kisha futa kwa kitambaa kipya, maana kile cha kwanza kimeshashiba.

Hewa yenye unyevunyevu mwingi nayo huchelewesha nta ya ndani ya polishi kukauka. Hapo subira inafanya kazi kuliko nguvu.

## Dalili: mistari inayocheza na jua

Hologramu ni alama za upana wa sponji, zinazopinda kama njia za nyoka, na ukisogeza kichwa nazo zinasogea. Hizo ni za mashine ya mzunguko mmoja iliyoinamishwa upande, hasa ikiwa na diski ya sufi. Mara nyingi zinaachwa na aliyetumia kompaundi kali, yaani polishi nzito ya kukatia, kisha akafunika kwa nta na kuliachia gari. Polishi ya hatua moja, sponji laini au ya wastani, mashine ya mzunguko mara mbili: zinatoka bila shida. Ni miongoni mwa kazi ambazo polishi hizi zinaziweza vizuri kuliko zote.

## Dalili: mkwaruzo mmoja mmoja, mwembamba, uliochimba

Simamisha mashine sasa hivi. Kuna punje ya mchanga kwenye sponji. Pengine ilianguka chini ukaiokota, pengine gari halikusafishwa vya kutosha kabla ya kuanza. Sponji iliyogusa sakafu hairudi kwenye gari jeusi mpaka ioshwe, na udongo wa kusafishia rangi, kile kibonge laini kinachopitishwa juu ya klia kunasa uchafu, ukidondoka hutupwa.

Huo udongo wenyewe, kwa njia, ni lazima kabla ya polishi. Pitisha vidole vikiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki juu ya boneti iliyooshwa. Ukihisi vijipele, hayo ni mabaki ya chuma cha breki, utomvu na moshi ambavyo sabuni haivitoi. Ukivipitia na sponji juu yake, vingine vitang'oka na kukwaruza. Lakini kwenye jeusi udongo nao huacha alama zake, kwa hiyo tumia laini, weka kilainishi kingi, na usiutumie siku ambayo huna mpango wa kupiga polishi baadaye.

## Dalili: duara nyeupe za matone ya maji

Chumvichumvi za maji zilizokaukia juu ya klia hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikaachwa dakika moja au mbili bila kukauka kisha ikasuuzwa. Zisipotoka, maji yamekwisha kula klia na kuacha kishimo. Polishi itakipunguza kikiwa hakina kina. Kinyesi cha ndege hufanya hivyo hivyo kwa kasi zaidi, hasa juu ya jeusi lililopata moto. Ukikiona kiloweshe na kukiondoa siku hiyohiyo.

## Dalili: sponji imegeuka nyeusi

Kuna sababu mbili, moja salama na nyingine hatari, na unapaswa kujua ni ipi kabla hujaendelea hata pito moja. Magari ya zamani, na baadhi ya yaliyopakwa upya, hayana klia. Rangi nyeusi ndiyo ya juu kabisa na lazima ichafue sponji. Hayo hung'aa vizuri mno kwa polishi ya hatua moja, ila weusi unaoutoa ni rangi yenyewe, kwa hiyo nenda kwa kiasi. Lakini gari lenye klia likikuchafulia sponji, umeshapita klia. Hutokea zaidi kwenye kingo za milango, mikunjo ya boneti na kona za bampa, ambako klia hukaa nyembamba tangu kiwandani. Tiba yake ni kupakwa upya.

Jaribu kabla ya kuanza: kitambaa cheupe, tone la polishi, sehemu iliyojificha kama ndani ya mdomo wa buti. Na kingo zote zifunike kwa tepu ya karatasi. Tepu hiyohiyo ikinge na plastiki nyeusi zisizong'aa na mipira ya madirisha, kwa sababu polishi ikikaukia humo huacha weupe ambao utautoa kwa mswaki na subira nyingi.

Kuna na klia iliyokufa: mabaka meupe yenye ukingo wa kubanduka, kwa kawaida juu ya paa na boneti. Wengi huyafikiria ni uchafu, wakayasugua. Polishi haina cha kufanya hapo.

## Kuchagua kati ya chupa mbili

Osha boneti, pitisha udongo, kausha. Bandika mstari wa tepu katikati ya kipande cha nusu mita. Kushoto polishi ya kwanza, kulia ya pili, kila moja na sponji yake safi ya aina ileile, laini au ya wastani, mipito ile ile mitano, kasi ileile. Futa. Nyunyizia spiriti pande zote mbili, maana bila hivyo utakuwa unalinganisha mafuta na mafuta. Toa tepu.

Sasa zima taa na ulete tochi. Usihesabu mikwaruzo kwanza. Angalia umbo la mwanga wa tochi ndani ya weusi: upande ambao ukingo wa mwanga umekatika safi, bila wingu linalouzunguka, ndio uliomaliza vizuri. Baada ya hapo ndipo uangalie mikwaruzo imepungua kiasi gani. Upande mmoja ukiwa umetoa nane kati ya kumi na kuacha wingu, na mwingine umetoa sita ukaacha weusi safi, mimi nachukua wa sita bila kusita. Wawili wakilingana, chagua inayofutika kwa urahisi zaidi, kwa sababu hata kufuta ni kusugua, na klia laini inakumbuka kila kitambaa.

Kama boneti iliwahi kupakwa upya, rudia jaribio mlangoni. Klia ya karakana mara nyingi haifanani na ya kiwandani, na gari moja linaweza kutaka sponji mbili tofauti. Kipimo cha unene kinakuonesha sehemu hizo: ukikuta milango ina mikroni 120 na fenda ina 250, fenda hiyo ilishaguswa. Na ikiwa rangi ni mpya kabisa, muulize aliyeipaka isubiriwe siku ngapi kabla ya kuwekewa nta. Mara nyingi huambiwa kati ya 30 na 90, kwa kuwa viyeyusho bado vinatoka.

Mashine mara moja kwa mwaka inatosha gari linalooshwa vizuri, na likiweza kukaa zaidi liache likae. Katikati yake ongeza nta ya kupuliza kila unapoona maji yameacha kujikusanya kuwa matone. Nina daftari ambamo naandika kwa kila gari jeusi: mikroni za kila paneli kabla na baada, sponji niliyotumia, polishi, na tarehe. Mwaka unaofuata gari likirudi, nafungua ukurasa wake kabla sijafungua chupa.